Tusiishie kubonyeza ‘Upload’: vijana wa Kitale na Bungoma tujue chipu inaamkaje

Mwaka 2024, wenye mita za tokeni walipewa kazi ambayo hawakuiomba. Kenya Power iliwataka wateja wasasishe mita zao kabla ya Novemba 24. Ukinunua stima, badala ya kuletewa namba moja ya tarakimu 20 kama ulivyozoea, unaletewa seti kadhaa, na lazima uziingize kwa mpangilio ule ule zilivyokuja. Ukikosea moja, unaanza upya. Kuna walioshuku kwamba hiyo ni njia mpya ya kunyonya mwananchi, na mitandaoni kelele zilikuwa nyingi.

Kumbe shida yenyewe ilikuwa ya memori. Mita hizi hufuata mfumo wa kimataifa unaoitwa STS. Kila tokeni hubeba alama ya wakati ilipotolewa, ndiyo mita ijue kwamba hii imeshatumika au ni ya zamani, isikubali mara mbili. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika, kuanzia Januari 1, 1993. Waliobuni mfumo walitenga biti 24 za kuweka hesabu hiyo. Sasa biti 24 zina kikomo: zinakupa nafasi 16,777,216 na hapo zimeisha. Gawanya dakika hizo uone ni miaka mingapi. Ni karibu 32. Ukihesabu kutoka 1993 unafika Novemba 24, 2024. Hesabu ikifika mwisho inarudi sifuri, na mita ambayo haijasasishwa inaona kila tokeni mpya kama ya zamani. Haikuwa Kenya peke yake. Nchi zote zinazotumia STS zilipitia hapo.

Nimeanza na mita kwa sababu kila mtu anaijua. Mtu alikaa mezani mbali na hapa, akagawa nafasi ndani ya chipu, akasema hii inatosha. Pengine kwa wakati wake alikuwa sahihi kabisa, maana memori ilikuwa ghali. Lakini aliyekuja kusimama mbele ya kisanduku cha ukutani miaka thelathini baadaye, akibonyeza tarakimu moja moja, ni mama mboga wa Kiminini na kinyozi wa Kanduyi. Hao hawakuulizwa chochote.

Hoja yangu basi ni hii: mgao wa memori huko chini kabisa, mahali chipu inapoamkia, ndipo uamuzi mzito hufanyika, na sisi vijana wa huku tunaojiita watu wa teki hatufundishwi kufika hapo. Tunafundishwa kuandika programu na kubonyeza Upload. Ikikubali, tunapiga picha, tunapost.

Ukihudhuria maonyesho ya wanafunzi huku kwetu utaona kazi safi. Kifaa cha kupima unyevu wa mahindi. Mfumo wa kunyunyizia sukuma wiki maji bila mtu kushika mfereji. Kufuli inayofunguka kwa simu. Kazi za aina hii huwa zimejengwa juu ya Arduino au ESP32. Muulize mwenye kazi programu yake inafanyaje, atakueleza mstari kwa mstari mpaka uchoke. Halafu muulize: ukiwasha hii bodi, kitu cha kwanza kuamka ni nini, na kinakaa wapi? Hapo ndipo mazungumzo huisha. Na si kwamba kijana ni mvivu. Ni swali ambalo hakuna mtu amewahi kumuuliza.

Kinachoamka kwanza kinaitwa butiloda. Ni programu ndogo sana inayokaa kona moja ya memori. Bodi ikipata umeme, butiloda huangalia kama kuna mtu kwenye waya wa USB anayetaka kuleta programu mpya. Akiwepo, inampokea na kuandika kile alicholeta kwenye flashi. Asipokuwepo, inaachia programu iliyoko iendelee na kazi. Ni mlinzi wa geti, na kama mlinzi yeyote ana kibanda chake, na kibanda hicho kinakula sehemu ya ploti yako.

Kinakula kiasi gani? Tuchukue Arduino Uno, bodi ambayo wengi wetu tulianza nayo. Chipu yake, ATmega328P, ina flashi ya baiti 32,768. Butiloda yake, Optiboot, imetengewa baiti 512 za mwisho. Toa hizo unabaki na 32,256, na ndiyo ile namba ambayo Arduino IDE hukuandikia pale chini kila mara, na wewe unaipita kama tangazo. Sasa chukua Nano za zamani na zile nakala za bei nafuu. Nyingi huja na butiloda ya kale ambayo imetengewa baiti 2,048. Ploti inabaki 30,720. Zaidi ya hayo, butiloda hiyo huongea kwa kasi ya 57,600 wakati mpya huongea kwa 115,200, kwa hivyo kompyuta na bodi zinakuwa kama watu wawili wanaosalimiana kwa lugha tofauti. Ndiyo sababu unabonyeza Upload, unangoja, unapata kosa, unabadilisha waya, unalaumu aliyekuuzia, mpaka mtu anakuambia chagua ‘Old Bootloader’ kwenye menyu. Unachagua, inakubali, unaendelea na maisha bila kuuliza ni kwa nini.

Kuna jambo lingine hapo ambalo mimi hunichekesha. Hata Nano zenye butiloda mpya, ile ndogo ya baiti 512, mipangilio ya kawaida ya Arduino bado inazitengea baiti 2,048. Kibanda cha mlinzi kilipunguzwa lakini ua haukusogezwa. Baiti 1,536 zimekaa tu bure. Ukitaka kuzirudisha unabadilisha fyuzi. Usifikirie fyuzi ya plagi. Hizi ni biti chache za chipu ambazo programu yako ya kawaida haiwezi kuzigusa, na kati yake kuna mbili zinazosema eneo la butiloda ni baiti 512, 1,024, 2,048 au 4,096. Fyuzi ya juu ikiwa 0xDA, umepewa 2,048. Ikiwa 0xDE, ni 512. Herufi moja tu, na ua umesogea. (Usiharakishe kujaribu ukiwa nusu usingizi. Ukiandika fyuzi vibaya chipu inaweza kukataa kuongea nawe tena kwa njia ya kawaida.)

Utasema baiti 1,536 ni kitu gani. Ni asilimia tano ya nafasi uliyo nayo, na mtu wa ploti ya hamsini kwa mia anajua asilimia tano ni nini. Lakini sitapigania baiti. Kinachonisumbua zaidi kiko kwenye ESP32, kwa sababu huko uamuzi mbaya unaweza kukutoa nyumbani na mvua.

Bodi nyingi za ESP32 tunazonunua zina flashi ya megabaiti 4. Ukitumia mgao wa kawaida wa Arduino, nafasi hiyo hukatwa hivi: butiloda mwanzoni, halafu jedwali dogo linaloeleza nani anakaa wapi, kisha vyumba viwili vya programu vilivyo sawa, kila kimoja baiti 1,310,720, na kinachobaki ni cha kuweka mafaili. Kwa nini vyumba viwili na programu ni moja? Ili uweze kusasisha kifaa kupitia WiFi bila kukifikia. Programu mpya huandikwa kwenye chumba kilicho wazi huku ya zamani ikiendelea kufanya kazi kwenye chumba chake. Ikishaingia yote na kukaguliwa, butiloda huambiwa kwamba kesho iamkie upande wa pili. Stima ikipotea katikati ya shughuli, na sote tunajua stima ya huku hupoteaje wingu likikusanyika upande wa Mlima Elgon, programu ya zamani iko pale pale haijaguswa.

Sasa angalia kinachotokea. Kijana anaandika programu yake. Anaongeza WiFi, anaongeza Bluetooth, anaongeza maktaba ya kuongea na seva kwa usalama. Programu inavuka zile baiti 1,310,720. IDE inakataa: kubwa mno. Anatafuta mtandaoni, na jibu la haraka analopata linasema nenda kwenye menyu ya mgao, chagua ‘Huge APP’. Anachagua. Anapata megabaiti 3. Programu inaingia bila shida, na aliyemsaidia anatumiwa ujumbe wa asante.

Hakusoma maneno yaliyofuata kwenye mstari ule ule wa menyu: ‘No OTA’. Maana yake ni kwamba amebomoa ukuta kati ya vyumba viwili na kutengeneza kimoja. Njia ya kusasisha kutoka mbali imekufa. Mezani hautaona tofauti yoyote, maana waya wa USB uko hapo hapo. Tofauti utaiona kifaa kikishafungwa kwa kisanduku na kupigiliwa misumari juu ya ghala la mtu.

Tuseme umewafungia wakulima kumi vifaa vya kupima unyevu wa mahindi, kuanzia Endebess, ukashuka Kiminini, ukaingia Naitiri mpaka Chwele. Hii si michezo. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na yakikaa yakiwa na maji zaidi ya hapo yanaota kuvu, na kuvu huja na sumu ya aflatoksini. Baada ya wiki mbili unagundua hesabu yako imepotoka kidogo, kifaa kinasoma 13 mahali ni 15. Mwenye vyumba viwili anakaa mjini Kitale, anatuma programu mpya, jioni wakulima wote kumi wana namba sahihi. Mwenye ‘Huge APP’ anabeba laptopu kwa bodaboda, shamba moja baada ya jingine, anafungua kisanduku, anachomeka waya, anafunga, anaendelea. Akienda haraka atamaliza kwa siku tatu au nne. Wakati huo kuna mtu ameshafunga magunia kwa kuamini namba ya uongo.

Hata vyumba viwili pekee havitoshi. Unaweza kutuma programu inayoamka vizuri lakini ina kosa kwenye jina la WiFi. Imeamka, ni nzima, ila haikusikii tena. Umejifungia nje na ufunguo uko ndani. Dawa ipo: ukitumia ESP-IDF, unaweza kuiambia butiloda kwamba programu mpya iko kwenye majaribio mpaka yenyewe ithibitishe kuwa mambo ni sawa, kwa mfano baada ya kufikia seva. Isipothibitisha na bodi ikajiwasha upya, butiloda inarudi kwa programu ya zamani. Lakini hiyo kinga haiji yenyewe. Lazima uiwashe kwenye mipangilio ya butiloda kabla hujapeleka kifaa shambani, na uandike sharti la kuthibitisha kwa akili. Ukithibitisha mstari wa kwanza wa programu, kabla hata WiFi haijaunganishwa, umefanya kazi bure.

Najua kuna wanaosema hii elimu haipo huku, ni ya Nairobi na ng'ambo. Mimi sikubali. Nenda kwa fundi yeyote wa simu anayejua kazi yake, pale mjini Kitale ama Bungoma. Akiflashi Tecno, Infinix au itel yenye chipu ya MediaTek, faili ya kwanza anayofungua inaitwa ‘scatter’. Ndani yake ni nini? Ni ramani ya memori: jina la kila patisheni, inaanzia wapi, ina ukubwa gani. Ya kwanza kabisa ni programu ya kuamsha simu. Akipakia faili ya simu nyingine, haiwaki. Akichagua ‘Format All’ bila kufikiri, anafuta hata lile eneo linalohifadhi IMEI, na simu inarudi bila mtandao. Fundi anajua haya yote kwa machungu ya wateja. Hajui tu kwamba mambo hayo hayo yana jina, yana vitabu, na yanaweza kumwandikia mshahara.

(Na kabla hujaniletea hoja, ndiyo, kuna mafundi wanaotumia ujuzi huo kubadilisha IMEI za simu zilizoibwa. Sheria ya Kenya inakataza, na inafaa ikataze. Lakini hatujaacha kufundisha ufundi wa kufuli kwa sababu kuna wezi.)

Kwa hivyo walimu wa nusu ya somo hili tayari wako mjini, wameketi kwenye vibanda vya futi sita kwa sita. Umbali kutoka vibanda hivyo hadi Kitale National Polytechnic, ama Kibabii, ama Sang'alo, ni nauli ya bodaboda. Ningependa siku moja nione fundi wa aina hiyo amealikwa darasani, alipwe, aeleze wanafunzi kwa nini simu hufa ikiflashiwa na betri ya asilimia mbili, na mhadhiri akae kando aongeze istilahi. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Kinachowatenganisha ni cheti tu, na nadhani aibu kidogo kwa pande zote mbili.

Kuna jibu lingine ambalo husikia: memori ni rahisi siku hizi, si ununue bodi yenye megabaiti 16 uachane na haya mahesabu? Hilo halina ubaya, na mara nyingine ndilo jibu sahihi kabisa. Kama kazi yako inahitaji picha au sauti, nunua. Ila ukinunua bodi ya megabaiti 16 ukaacha mgao wa 4, zile 12 zinalala tu, hujasaidika. Bado utarudi kwa lile jedwali. Na wale wanaosema ChatGPT itawaandikia, sawa, itawaandikia jedwali zuri. Lakini haiwezi kujua kwamba mteja wako ana stima ya kubahatisha na mtandao wa kupanda kichuguu, usipoiambia. Na utaiambia vipi kama wewe mwenyewe hujui kwamba hilo linahusiana na mgao wa memori?

Swali la kazi nalo ni la haki. Nani ataniajiri kwa kujua butiloda hapa Bungoma? Angalia vitu vilivyo karibu nawe vyenye chipu: mita ya stima, sola ya kulipa kidogo kidogo, kifaa cha kufuatilia bodaboda, mizani ya kidijitali sokoni, mashine ya kulipia kwa kadi. Kila kimoja kina programu inayoamka kwanza na kila kimoja mtu aliamua memori yake igawanywe vipi. Vikiharibika, tunavitupa ama tunavirudisha kwa aliyeviuza. Sisemi kesho asubuhi utapata ofisi. Nasema mtu anayeweza kufungua kifaa kama hicho na kueleza kwa nini hakiamki ni mtu adimu, na sioni kwa nini asiwe wa Webuye.

Kama ningepewa nafasi ya kutunga mtihani wa vitendo, ningeuweka hivi. Mwanafunzi apewe ATmega328P tupu, ile ya miguu 28, bila bodi yake. Apewe kristo ya megahezi 16, kapasita mbili za pikofaradi 22, na Arduino nyingine ya kutumia kama kifaa cha kuandikia. Aweke butiloda mwenyewe, aseme kwa mdomo inaanzia baiti ya ngapi na kwa nini, kisha abadilishe ukubwa wa eneo lake na aonyeshe namba imebadilika. Vifaa hivyo vyote vinaingia kwenye mfuko wa shati. Halafu apewe ESP32, aanze kuisasisha kupitia WiFi, na mtahini achomoe waya wa umeme katikati bila kutoa onyo. Bodi ikiamka yenyewe, amepita. Isipoamka, arudi baada ya wiki mbili.

Wewe ambaye uko na laptopu na huna haja ya kungoja chuo kianze, hii ya kwanza haihitaji hata kununua kitu. Ndani ya folda ya Arduino kuna faili ya maandishi ya kawaida inayoitwa boards.txt. Ifungue. Tafuta mistari ya uno yenye maneno maximum_size na high_fuses, kisha tafuta ya nano, uziweke kando kwa kando. Utaona 32256 na 30720, utaona 0xDE na 0xDA, na sasa unajua tofauti ya baiti 1,536 imetoka wapi. Kwa ESP32, mgao uko kwenye mafaili madogo ya csv kwenye folda ya partitions. Fungua ile ya kawaida na ile ya ‘Huge APP’, uhesabu ni mistari mingapi ya kila moja inayoanza na neno app.